Pazia la Kijani

Ngumi ya kwanza ya Des Tranter ilimvunja mlinzi pua. Ya pili haikuhitajika. Mlinzi alikuwa ameshakaa kwenye tope, damu inamchuruzika kidevuni, na Des ameruka uzio anakimbilia kona ya mwisho.

Huko watu wawili walikuwa wanasimamisha pazia la kijani.

Asiyejua mbio za farasi atadhani ni turubai tu. Des alikuwa amefunza farasi maisha yake yote, na alijua: likisimama lile, nyuma yake yupo farasi aliyevunjika mguu na daktari mwenye bunduki. Jukwaani hawapendi kuona. Wanageukia bia zao.

Asubuhi ile, langoni, wapinga mbio walikuwa wamebeba mabango yenye picha ya pazia lilelile. Binti yake Keely aliyatazama, akamshika mkono. Banjo, farasi ambaye Keely angempanda, alikuwa anamchokoachokoa Des mfukoni, anatafuta karoti.

"Baba, niapie. Banjo akianguka, hawampigi risasi mpaka umwone mwenyewe."

"Naapa. Sasa panda, acha uchuro."

Na sasa Banjo ameanguka kweli. Farasi wawili wa Des walikimbia pamoja, mali ya tajiri mmoja, wapanda farasi wao jezi moja ya njano, kofia tu ndizo tofauti: Keely nyekundu, Bryce nyeupe. Banjo alijikwaa akaenda chini kwa kichwa. Farasi wa Bryce akawavaa, akawapindukia na uzito wake wote, kwato zinapiga popote, kisha akainuka akatimka. Banjo, Des hakumwona akiinuka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshamziba asione.

Keely alikuwa salama, Mungu mkubwa. Yule pale chini ya uzio wa ndani, jezi ya njano imegeuka tope, kofia imevuliwa, kichwa katikati ya magoti, mabega yanatetemeka. Wahudumu wa gari la wagonjwa wamesimama tu, mikono mfukoni. Des aliwalaani kwa kumwacha mtoto kwenye baridi.

"Nakuja, mwanangu! Hawamgusi!"

Mwenye jezi alitikisa kichwa bila kukiinua.

Noel, msimamizi wa kiwanja aliyesoma naye, alimdaka kiunoni.

"Des, ndugu yangu, usiende. Usimwone akiwa hivi."

"Niachie! Nyinyi kila kitu bunduki! Mmemsimamisha? Mmemjaribu miguu?"

"Hakuteseka. Nakuapia, ilikuwa papo hapo."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Alimpiga kichwa cha mdomo. Jino likaruka. Noel, ambaye baa nzima inajua hasukumwi mara mbili, hakurudisha. Alitema damu akamshika tena, taratibu, na hilo lilimtia Des wazimu zaidi. Alimpiga kiwiko cha mbavu, akamwangusha, akamkanyaga mkono uliokuwa bado umemng'ang'ania suruali. Vidole vikalia. Watu wa pazia wakarudi nyuma, macho chini.

Des akashika nguzo ya pazia aing'oe. Hapo kitu kikamsukuma mfukoni. Kikamsukuma tena.

Banjo. Tope tupu toka masikio hadi mkia, anachechemea kidogo, lakini miguu yote minne iko chini, na anatafuta karoti yake kama kila siku. Aliyemshika hatamu ni daktari wa farasi mwenyewe, hana bunduki, machozi yanamtoka.

"Yu hai!" Des aliangua kicheko, akamkumbatia farasi shingo, ngumi zake bado zina damu za watu. "Keely! Njoo umwone, mama, yu hai!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Aliyekaa chini ya uzio aliinuka, akaja polepole, kofia yake ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Ilikuwa nyeupe.