Waridi la Tanzia

Tone la umande lilikuwa linagoma kudondoka. Nadhim alilirudisha juu ya petali kwenye kompyuta yake, akalisukuma tena. Likateleza hadi ukingoni, likakwama palepale. Bila tone hilo kuanguka, waridi lingebaki picha tu, na picha iliyolala siku hizi nani anaitazama? Watu wanaipitisha kwa kidole kama hawakuiona.

Mji mzima wa Nasiriya ulimjua kwa kazi hiyo. Mpe picha iliyotulia tuli, akurudishie inapumua: mvuke unapanda kutoka kwenye istikana, kile kigilasi cha chai, mwali wa mshumaa unacheza, pazia linapepea. Na kila Ijumaa asubuhi alitoa waridi kwenye ukurasa wake mtandaoni, chini yake maneno yaleyale: "Nyumba ni ileile, mlango uko wazi." Maelfu walidhani ni salamu zao. Hazikuwa zao. Zilikuwa za mtu mmoja tu, dada yake Widad.

Widad alimpenda Falah, dereva wa lori la matofali, mtu wa kabila jingine. Na huyu Nadhim, tusimfichie aibu yake, ndiye aliyesimama mlangoni akamwambia, "Ukivuka hapa, huna kaka." Akavuka. Miaka tisa sasa. Wakahama mji, namba ya simu ikabadilishwa, habari zikakatika kabisa. Sasa moyo wa mama yao umechoka, daktari keshaanza kusema kwa mafumbo, na mama anataka kitu kimoja tu: amwone Widad kabla hajafa. Lakini kumtangaza mwanamke mtandaoni kwa jina na sura ni kuuvua nguo ukoo mzima. Basi Nadhim akabaki na maua.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, aliingia ofisini mwake kijana mwenye shati jeusi na macho mekundu.

"Naitwa Sattar, natoka Samawa," alisema. "Tumefiwa na mke wa ami yangu. Tunataka tanzia ya kuweka mtandaoni. Ameusia mwenyewe itengenezwe na wewe, si mwingine. Maua yako ya Ijumaa hakukosa hata moja."

Nadhim aliinamisha kichwa kidogo. Sifa za namna hiyo alikwisha kuzizoea. "Pole sana, ndugu yangu."

"Na wewe pole."

Nadhim alidhani anapewa pole ya kazi. "Nimeshapoa. Kaa, nikuagizie chai."

Kijana hakukaa. Alibaki anamtazama, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Mwisho akaingiza mkono mfukoni. "Picha yake ninayo hapa. Na jina lake..."

"Wee, usinitajie," Nadhim alimkatiza, mkono juu. "Na hiyo picha irudishe ilikotoka. Mwanamke wa watu, uso wake unanihusu nini mimi? Hapa tunaweka waridi mahali pa sura, na jina tunaandika la mumewe. Ndiyo heshima yetu."

"Hata wewe, ustadhi?"

"Mimi kuliko wote."

Sattar aliutoa mkono mfukoni, mtupu. Alionekana ana neno, akaliacha. "Haya. Andika hivi: mke wa Haji Abu Sajjad, mama wa Sajjad na Ruqaya."

Haji! Nadhim alikwisha kumchora ajuza wa watu akilini: miaka sabini na ushei, tasbihi mkononi, wajukuu wamejazana ukumbini. Roho ikamlainika. Akaona asimpe kijana ua la kuokoteza. Akampa lilelile la Ijumaa alilohangaika nalo tangu asubuhi. Akafunga utepe mweusi kwenye pembe, akawasha mshumaa chini, akapunguza mwendo wa petali zifunguke polepole. Safari hii tone likadondoka lenyewe, bila taabu.

Sattar alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Tunamzika leo Najaf, baada ya Alasiri," alisema. "Ukitaka kuja, gari lina nafasi. Ami kasema tukusubiri."

"Mungu amrehemu. Mwambie ami yako nimeshukuru, ila kazi zimenibana. Nitamsomea Fatiha hapahapa."

Kijana akaondoka bila kuaga. Huzuni, Nadhim akasema moyoni, humfanya mtu asahau adabu.

Jioni alimpelekea mama simu kitandani, amwonyeshe kazi ya siku. Mama aliitazama tanzia ile mara tatu, kidole chake chembamba kikigusa kioo kila tone lilipoanguka.

"Huyu alipendwa," alisema. "Ni nani?"

"Bi kizee mmoja wa Samawa, mama."

Mama akamsomea Fatiha, akajipangusa uso kwa viganja. "Nitunzie hii. Widad akija nitamwonyesha, ajue kaka yake ana mikono ya namna gani." Akaitazama tena simu. "Hajajibu?"

"Bado. Kesho Ijumaa, mama. Nitaweka jingine."

Simu ikatetemeka mkononi mwa mama. Akajiinua kwenye mto kwa nguvu ambazo Nadhim hakuziona kwa miezi, akamrudishia simu haraka. "Ni yeye? Nisomee."

Ulikuwa ujumbe wa Sattar. "Tumeshamzika. Binti yake Ruqaya ana miaka sita. Tangu turudi anaangalia ua lako, na anauliza kwa nini mjomba wake amekataa kuja."