Uji wa Kwanza

Ndalahwa alifumbua jicho moja, akakiona kikombe cha uji, akalifumba tena.

"Kidogo tu, Baba Paulo," Mbuke alibembeleza. "Funda moja."

"Tumbo limegoma."

Mbuke akacheka. Akashika tumbo, akauma mtandio, kicheko kikamponyoka vilevile. Kwenye kitanda cha jirani Damari naye akadakia, na punde wodi nzima ikawa inatikisika. Mfuga ng'ombe wa Usangu, aliyewahi kuvuka mto uliofurika na ndama mabegani, amelala chini ya dirisha, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, anaogopa uji!

Ilikuwa raha kucheka. Majuma yaliyopita hakucheka mtu.

Madaktari wa hapo Mbeya walikuwa wamekata kichwa cha kongosho pamoja na uvimbe wake, na ndugu wakadhani yamekwisha. "Kongosho lina hasira," daktari mkuu aliwaonya. "Ukiligusa, hulipiza."

Likalipiza. Mshono ukavuja kwa ndani. Homa ikapanda, usaha ukajaa, chakula kikawa hakikai, sukari ikapanda na kushuka kama bembea. Wakapitisha bomba ubavuni litoe uchafu. Nashoni, mdogo wake Ndalahwa, akaitwa pembeni, akaambiwa awaandae wazee. Huko Usangu wakaanza kuulizana ni fahali gani achinjwe msibani.

Habari zikamfikia Mbuke. "Waambie wamwache fahali ale majani yake," alimwambia Nashoni. "Hapa hafi mtu."

Alisema kwa ukali, kisha akageukia ukuta ili Ndalahwa asimwone machozi. Mikono yao ilikuwa imeshikana.

Bomba lilitoa uchafu siku baada ya siku, kisha likapunguza. Leo asubuhi daktari aliliinamia, akaliona kavu, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Litolewe," alisema. "Na uji uanze."

"Ndaga, Kyala!" Damari alimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, akapiga kigelegele. Bomba likavutwa. Likaja, likaja, likazidi kuja, refu kuliko yeyote alivyotegemea. Ndalahwa akalitazama, akasema "Ah," na macho yakamgeuka meupe. Tangu hapo hajainua kichwa.

Mbuke alijishusha taratibu kwenye stuli. Kanga ilimzunguka kiunoni mara mbili siku hizi. Nani angenenepa katika shida ile? Akaukoroga uji, akaonja yeye. Akatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mlangoni. Akaonja tena.

"Mtamu?" Damari aliuliza.

"Dada, tangu nizaliwe sijanywa uji mtamu hivi!"

"Basi mbakizie na huyo, maana hali yake naiona mbaya."

Kicheko kikalipuka upya. Mbuke alijisikia mwepesi kama unyoya. Akaanza kuimba wimbo wa kupalilia wa Kisukuma, sauti ya chini, na wenzake wasiojua hata neno moja la Kisukuma wakampigia vijiko kwenye vikombe.

"Mnaimba," Ndalahwa alilalamika kutoka chini ya kitambaa, "na mtu anakata roho."

"Kata taratibu, baba watoto, usitupotezee mdundo."

Nesi Blandina akaingia na trei ya bandeji. Akawatazama, akaiweka trei chini, akashika kiuno.

"Baba Paulo, kuzimia basi sasa," alisema. "Shuka, mkeo arudi kitandani kwake nimfunge kidonda alikotolewa bomba."