Makosa ya Mwalimu Shekue

Sheria inataka daftari lolote lililoandikwa kwa mkono lisomwe na mashine, kisha lichomwe. Nilipeleka ofisini kwao madaftari ya hesabu ya marehemu mume wangu, Mwalimu Shekue, yageuzwe sauti ili binti yetu Mwanaidi, asiyeona, ayasikilize.

Katika kila ukurasa Shekue aliweka kosa moja makusudi, wanafunzi walitafute. Kila alipomsomea Mwanaidi, mtoto alimdaka.

“Umekamatwa, mwalimu. Rudia.”

Baba yake alicheka mpaka akakohoa.

Leo Mwanaidi amesikiliza madaftari yote kumi na moja.

“Mama, mbona sioni kosa?”

Nilitoka nje, nikampigia simu karani wa ofisi ya mashine.

“Mashine husahihisha yenyewe, mama, wanafunzi wasipotoke. Karatasi tulichoma jana.”

Niliporudi, Mwanaidi alikuwa ameanza upya.

“Safari hii Baba kayaficha makosa kwelikweli,” akasema.

Sijamwambia.