Barua ya Mwalimu Sikudhani

Mwalimu Sikudhani aliingia ofisini kuchukua barua yake tu. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uzamili wa saikolojia ya shule, na chuo kilitaka mkuu wake wa kazi athibitishe, kwa sahihi na muhuri, kwamba anawajali watoto.

"Barua iko tayari, bado muhuri," alisema Mwalimu Mkuu Lugendo, fimbo mkononi. "Nishikie kwanza huyu, anakwepesha mikono. Tangu Jumatatu anajifanya bubu darasani."

Mbele ya meza alisimama Chausiku, wa darasa la tano.

Sikudhani aliitazama barua. Kisha akamshika mtoto vifundo vya mikono, akavikandamiza mezani, viganja juu.

Fimbo ya kwanza ilivuma. Ya tatu ilipasua ngozi. Ya tano iliirusha damu hadi kwenye mkono wa blauzi ya Sikudhani, naye akazidi kubana, maana mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kwenye ya sita, fimbo yenyewe ilivunjika.

"Tunasemaje tukishachapwa?" aliuliza Lugendo, akihema.

Chausiku hakumtazama yeye. Alimtazama Sikudhani.

"Asante, mwalimu."

"Si huyo anaongea!" Lugendo alicheka, akagonga muhuri.

Sikudhani aliichukua barua. Alipofika mlangoni aligeuka. Hakuna aliyemshika tena Chausiku, lakini viganja vyake vilikuwa bado pale mezani, wazi, vinangoja.