Vidonge vya Miezi Minne

Dawa iliyokuwa ikidondoka kuingia mkononi mwa mke wa fundi wa mageti ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea.

"Chuma chenyewe cha kuongeza damu ndicho hicho?" fundi aliuliza.

"Ndicho hicho," muuguzi akamjibu.

"Miaka kumi na tisa nachomelea chuma, sijawahi kukiona kikidondoka."

"Ungenilambisha geti mapema, tusingefika huku," mkewe akasema, bila kuinua kichwa kwenye mto.

Fundi alicheka, kisha cheko likamkauka. Viganja vya mkewe vilikuwa vimepauka kama chaki. Mimba miezi minane, kipimo cha damu sita tu. Uzazi wa kwanza alitokwa damu nusura aende. Safari hii, daktari alisema, hana ya kupoteza hata kijiko.

Muuguzi akafunua kadi. "Miezi minne ya vidonge vya chuma, na damu inashuka tu. Sema kweli, dada. Ulikuwa unavitupa?"

"Avitupe wapi!" fundi akadakia. "Nampa mimi, kwa mkono wangu, asubuhi na jioni. Nasimama pale pale mpaka nione vimeshuka kooni."

Ndilo pekee aliloliweza. Mimba haibebwi kwa zamu, na damu haichomelewi. Basi akajitwika la vidonge. Anaamka kabla ya mkewe, anawasha jiko, anachemsha chai ya rangi, nzito, ya kumtia nguvu, anampelekea kitandani na kidonge kwenye kisosi. Mkewe hajawahi kuipenda chai. Alikunywa yote, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu ya yule aliyesimama na sinia.

Hata leo alikuja na chupa yake ya chai, ameipakata kama mtoto.

Muuguzi alipunguza kasi ya matone. "Haya, nisikilizeni. Mkirudi nyumbani vidonge vinaendelea. Ila msimezee chai, nawaomba. Chai inakizuia chuma kuingia kwenye damu. Kinatoka kama kilivyoingia, bora mngevitupa tu. Kwani mlikuwa mnamezea nini?"

Fundi aliitazama chai aliyoipakata. Chupa ilikuwa ya moto mapajani mwake.

Mkewe alinyoosha mkono usio na sindano, akavuta ncha ya shuka, akaifunika ile chupa.

"Maji, dada," alisema. "Maji matupu. Mume wangu huyu ni shahidi."