Kumbo la Bi Kijino

Uzee ulimziba Pimbi masikio, akawa hasikii tena mluzi ambao mlinzi wa kundi hupiga tai anapotokea.

"Babu, baki pangoni, utaliwa!" vijana walimpigia kelele sikioni.

"Nibaki nile mawe? Natoka!"

Jirani yake, Bi Kijino, akawa anakula naye bega kwa bega. Mluzi ukilia, humpiga kumbo. Mzee huanguka kifudifudi, akainuka, wakakimbia.

Siku moja upepo ulimeza mluzi. Pimbi, aliyezoea kutazama badala ya kusikiliza, akaona mdomo wa mlinzi u wazi. Akampiga Bi Kijino kumbo, naye akampiga aliyekuwa karibu yake, hadi wote wakaingia pangoni salama.

Kesho yake upepo ulivuma tena.

"Babu, hatutoki bila wewe," vijana walinong'ona kwa haya.

Hakusikia neno. Wakampiga kumbo, akaelewa.