Waya Mnene

Msabaha alimketisha mkewe akiipa redio mgongo, akielekea ukutani, pale alipozoea kushona kwa cherehani yake. Msabaha alikuwa ameiuza bila kumwuliza, akanunua waya wa umeme wa redio, mnene kama chatu.

"Mama Salha, ukikosa kusikia tofauti na ule wa zamani, nauza redio nikurudishie cherehani."

"Mwenye duka alisemaje?"

"Kwamba hata kiziwi atasikia."

"Basi washa. Kiziwi nimeshakaa."

Msabaha alichomeka waya wa zamani, muziki ukalia. Akazima. Akaushika ule mnene. Na kama sauti ni ileile? Akauweka chini polepole, akachomeka tena ule wa zamani, muziki ukalia.

Mkewe aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huu ndio wenyewe!" alisema. "Sauti imefunguka, Baba Salha. Hukupoteza kitu."

Waya mnene ulikuwa umejikunja miguuni pa Msabaha. Mkewe hakugeuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, pale ilipokuwa pedali ya cherehani.